Maji yameshuka, mbona treni bado haitoki? (mzigo wa Kamina–Lubumbashi)

Depo_Katuba:
Salama wandugu. Nina mifuko 80 ya mahindi ndani ya behewa, inatoka Kamina kuja Lubumbashi. Treni imezuiliwa upande wa Bukama tangu ile mvua kubwa. Walio kule wanasema maji yalishuka usiku uleule na reli zinaonekana, lakini hakuna kinachosogea. Wanangoja nini? Na je, nitume lori, au mahindi yatavumilia?

Fundi_Njia:
Ndugu, usitazame reli, tazama kilicho chini yake. Mvua kali ikipiga, majani, mchanga na chupa za plastiki huziba kalvati, yaani mfereji unaopitisha maji chini ya njia. Maji yakikosa pa kupita hujaa upande wa juu wa tuta (udongo ulioinuliwa unaobeba njia) mpaka yanaruka njia. Yanapoangukia upande wa pili yanachimba mguu wa tuta, yanakula udongo kwenda juu, halafu yanazoa kokoto. Reli na mataruma (vipande vya kukingama vinavyobeba reli) hubaki yameshikana, yananing'inia hewani, na kwa mbali unaona njia nzima. Ekseli moja ya kichwa cha treni hubeba tani 15 na zaidi. Ikifika pale, njia inakaa chini.

Maji kushuka upesi ni hatari nyingine. Tuta limelowa hadi ndani, na maji yaliyokuwa yakiliegemea yameondoka ghafla, basi ubavu wake huteleza. Ndiyo maana wakaguzi hutembea kwa miguu. Wanatafuta nyufa zinazofuata urefu wa tuta, na maji yanayochuruzika mguuni. Yakitoka safi, tuta linajikausha. Yakitoka na tope, yanabeba udongo wa ndani, na hapo hapapitishwi kitu.

Kisha kazi: kuzibua kalvati au kuweka mabomba mapya, mawe makubwa mguuni, udongo kwa matabaka ya sentimita 20 hadi 30, kila moja likishindiliwa kabla ya jingine. Wakimwaga udongo wote mara moja, mvua inayofuata itaudidimiza, na kwa haraka hilo hutokea sana. Juu yake kokoto, jeki kunyanyua njia, kushindilia chini ya kila taruma, kupima upana (milimita 1,067) na usawa wa reli mbili. Kichwa cha treni hupita kwanza peke yake, polepole. Mara nyingi kinachochelewesha ni mawe, maana treni ya kazi huyaleta kutoka upande mmoja tu. Na inauma kuona misitu ya juu ya njia ikiendelea kukatwa kwa ajili ya makaa, kwa sababu tope linaloziba kalvati linatoka huko.

Depo_Katuba:
Aksanti sana. Kwa hiyo ni siku ngapi?

Fundi_Njia:
Uliza kwanza ni maji gani. Kijito kikikata tuta, maji hupungua kwa saa chache na kazi inaanza mara moja. Kama ni mto Lualaba wenyewe uliopanda, ni habari nyingine: mabonde ya Bukama na Upemba hujaa polepole na kukaa wiki nyingi. Hapo lori ni afadhali, barabara ikiwa inapitika.

Stima_Likasi:
Niongeze: hata maji ya sentimita chache juu ya reli yanatosha kusimamisha treni. Mota za kichwa cha treni zimefungwa kwenye ekseli, karibu kabisa na kokoto, zikilowa zinaungua. Na sehemu zenye waya wa juu (volti 25,000), dhoruba huangusha miti na kuvunja vikombe vinavyoshika waya na kuzuia umeme usivuje. Mwambie mtu wako kule: waya ulioanguka akae nao mbali mita 10, hata kama hautoi cheche. Waya hauhesabiwi umekufa mpaka umekatiwa umeme na kuunganishwa na ardhi pande zote mbili za kazi.

Mama_Nafaka:
Papa, uamuzi wa lori unategemea ukavu wa mahindi. Mtu wako atie konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, atikise dakika moja, aache yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, na mahindi hayo yataanza kupata joto na ukungu. Yatoe upesi. Isipoganda, yanaweza kusubiri, ila paa la behewa likaguliwe: mchana ingia, funga mlango, tazama juu. Mwanga unapopita, maji yatapita pia.

Turubai lifunike juu tu, ubavuni liache wazi, la sivyo mvuke unarudi kwenye mifuko. Ingiza mkono katikati ya mfuko. Ukihisi joto, toa mifuko ile nje na uitenge. Yenye ukungu usichanganye wala usisage, sumu yake haiondoki kwa kupika.

Na mzigo ukifika, usisaini kabla ya kuhesabu. Mifuko iliyolowa iandike kwa idadi kwenye karatasi ya mzigo, nakala yako na yao, saini iwe chini ya maandishi hayo.