Naombeni ushauri: nijiandae vipi kimwili kumwongoza dume kwenye paredi ya mifugo Nzuguni?

Mtu wa Mlali (mleta mada)
Mbukwenyi wakuu. Nahitaji msaada wa haraka maana usingizi sipati.

Naangalia ng'ombe wa tajiri mmoja huku wilaya ya Kongwa. Kuna dume la Mpwapwa nimemlea mwenyewe tangu alipoachishwa ziwa, mwekundu, nundu imesimama, miguu imenyooka. Mwaka huu tajiri kaamua ampeleke maonesho ya Nane Nane pale Nzuguni, Dodoma, aingie kwenye paredi na ashindanishwe. Mshika kamba ni mimi. Dume akipata nafasi nimeahidiwa mtamba mwenye mimba, na kwa mtu mwenye watoto kama mimi huo ni mwanzo wa kuwa na zizi langu.

Shida ni mwili. Huku kwetu ng'ombe unamswaga kutoka nyuma na fimbo yako begani. Uwanjani inatakiwa utembee naye ubavuni, kichwa chake mkononi mwako, umsimamishe, umpange miguu yote minne, jaji azunguke akague, umgeuze, utembee tena. Nimejaribu hapa nyumbani. Tukimaliza mikono inatetemeka, kiuno kinawaka, pumzi imekata. Na Nzuguni kuna spika, ngoma, matrekta na watu kibao.

Nifanye mazoezi gani kwa siku zilizobaki nipate nguvu ya kummudu? Msinikatishe tamaa, jina langu limeshaandikishwa. Nawasilisha.

Ngoja Waje
Naweka kambi hapa, wataalamu wa ng'ombe wanakuja.

Baunsa wa Area D
Rahisi sana mkuu. Chukua madumu mawili ya lita 20, jaza maji, moja kila mkono, tembea nayo toka kisimani mpaka nyumbani bila kuyaweka chini. Hapo unajenga kiganja, bega na mgongo kwa pamoja. Halafu funga tairi la lori kwa kamba, livute kinyumenyume uwanja mzima. Kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na mfuko wa saruji begani. Asubuhi na jioni. Ukifika Nzuguni huyo dume atakuita kaka.

Bi Zabibu
Mimi hayo ya misuli siyajui. Ninachouliza, huo mtamba mmeandikishana? Mdogo wangu, matajiri wa mifugo nawajua. "Akipata nafasi" ni nafasi ya ngapi? Ya kwanza? Ya tatu? Kaka yangu alichunga kwa ahadi ya ndama, mwaka ulipoisha akaambiwa ndama amekufa, na ngozi hakuonyeshwa. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, muandike mbele ya mashahidi, ndipo ufikirie tairi la lori.

Mzee wa Mpwapwa
Vijana, mnamfundisha mwenzenu kushindana nguvu na ng'ombe. Hakuna mtu anayemshinda dume kwa kuvutana. Ana uzito wa wanaume kadhaa na miguu minne chini.

Nimefanya kazi na hawa ng'ombe wa Mpwapwa muda mrefu, nawapenda, acha niseme kidogo. Aina hii ya ng'ombe ilitangazwa rasmi 1958, imechanganywa damu ya Red Sindhi na Sahiwal toka Bara Hindi, Boran, zebu wetu na kidogo Ayrshire, apatikane ng'ombe wa maziwa na nyama anayevumilia ukame wa huku kwetu. Ukimpeleka mbele ya watu unapeleka kazi ya wazee wengi, kwa hiyo nakupongeza kwanza.

Sasa kazi yenyewe. Simama upande wake wa kushoto, usawa wa bega lake. Mkono wa kulia ushike hatamu karibu kabisa na kidevu, mkono wa kushoto ubebe kamba iliyobaki, ikunjwe kwa mapindo. KAMWE usiizungushe kiganjani. Nimeona mtu anapoteza vidole viwili kwa kosa hilo. Akitaka kwenda, usirudi nyuma kumvuta. Geuza kichwa chake kwako, atazunguka duara na nguvu itamwishia. Ana pete ya puani? Kwa kawaida huvishwa akiwa na umri wa miezi 9 hadi 12. Dume mzima asiye na pete simpeleki kwenye umati.

Nguvu unayohitaji zaidi ni ya kusimama. Jaji anakaa muda mrefu, jua linapiga, upepo wa mwezi wa 8 unakuletea vumbi machoni, na wewe umeinua kichwa cha mnyama kwa mkono mmoja kwa upole bila kulegeza. Hapo ndipo bega na kiuno vinapolia. Na kabla ya hapo umelala bandani siku kadhaa, umeamka usiku kuzoa samadi, umebeba majani na maji, umemwogesha. Watu wanaona zile dakika za uwanjani tu.

Farasi Mweupe
Mzee kasema kweli tupu. Mimi nilifanya kazi ya kutunza farasi Nairobi, kwenye zizi moja karibu na uwanja wa mbio wa Ngong. Kanuni ni zile zile: kushoto kwake, usawa wa bega, kamba haizungushwi mkononi. Tofauti ni kwamba farasi anaoneshwa akitroti, yaani mbio ndogo, na lazima mshikaji akimbie naye. Ukichelewa kamba inavuta kichwa, mwendo wake unaharibika na jaji anaona. Bosi wangu alikuwa anatuwekea video za Royal Welsh, yale maonesho ya kule Llanelwedd, Wales, yanayofanyika mwezi wa 7. Wale jamaa wanaoshika farasi aina ya kobu wanakimbia mbio za kweli ndani ya uwanja, buti wameacha, wamevaa raba za wanariadha. Anayemaliza hawezi kuongea.

Siku moja farasi wetu mmoja alishtushwa na mfuko wa plastiki. Aliruka pembeni, mimi nikabaki na kamba na bega limetoka mahali pake. Kilo 500 zikiamua kwenda kulia, wewe uliye kushoto huulizwi. Mpaka leo mvua ikikaribia bega linanipa taarifa.

Mtu wa Mlali
Ahsanteni sana, Mzee wa Mpwapwa shikamoo. Pete anayo. Kamba nilikuwa naizungusha mkononi, kuanzia leo sizungushi tena. Bi Zabibu, hilo la kuandikishana nitalifanyia kazi.

Baunsa, hayo ya madumu na tairi nimeyaelewa ila naomba kama kuna mazoezi yasiyobana tumbo. Yaani ya mikono na miguu tu.

Baunsa wa Area D
Mkuu hakuna zoezi la maana lisilobana tumbo. Tumbo ndilo nguzo.

Muuguzi Zamu ya Usiku
Mleta mada, kwa nini hutaki kubana tumbo?

Mtu wa Mlali
Linavuta kidogo tu dada. Nadhani ni uchovu.

Muuguzi Zamu ya Usiku
Linavuta sehemu gani? Juu, chini, upande upi? Umewahi kufanyiwa upasuaji? Nijibu wazi, hapa hakuna anayekujua.

Mtu wa Mlali
Sawa dada. Nilifanyiwa upasuaji wa ngiri, hapa kinenani upande wa kulia. Kitambo kidogo. Kidonda kimefunga, nyuzi zimetoka, nakula vizuri, natembea mpaka malishoni na kurudi. Daktari alisema nisibebe vitu vizito, lakini ng'ombe simbebi, namwongoza. Na nimeshanunua mkanda wa kiunoni.

Naomba nieleweke. Nikikataa, atakayeshika kamba ni mpwa wake tajiri. Yule kijana anampiga dume puani kwa fimbo. Nimemlea huyu mnyama bila kumpiga, akiitwa anakuja. Akishikwa na yule mbele ya watu ataharibika, atakuwa mkali, na dume mkali mwisho wake ni mnada wa Kizota. Siwezi kukaa nyumbani nikisubiri kusikia hivyo.

Ngoja Waje
Kumbe!

Muuguzi Zamu ya Usiku
Kuvuta ni sawa na kubeba. Ukikaza mwili kumzuia mnyama, presha yote ya tumbo inasukuma pale pale paliposhonwa. Ngozi ya juu hufunga mapema na mtu anajiona amepona, ila ukuta wa ndani unahitaji wiki nyingi. Kwa kawaida tunawaambia wagonjwa wakae mbali na kazi nzito wiki 4 hadi 6, na mwenye kazi za kuvutana arudi kwanza kwa daktari aliyempasua ampe ruhusa. Mkanda haukupi hiyo ruhusa. Ngiri inaweza kurudi, na utumbo ukinaswa pale damu isipite, hiyo ni dharura ya kufa na kupona. Ukiona uvimbe usiorudi ndani, maumivu makali au kutapika, usisubiri asubuhi, nenda hospitali hapo hapo.

Umeandika kitambo. Ni lini hasa?

Dawa za Babu
Ngiri ipo mizizi yake, siku saba unasahau kama uliugua. Na nguvu za kiume zinarudi. Njoo pembeni nikupe utaratibu.

Muuguzi Zamu ya Usiku
Mizizi haishoni tundu la misuli. Mwache mtoto wa watu.

Bi Zabibu
Wanaume mnaficha maradhi mpaka lini? Mume wangu alificha hivyo hivyo, akaenda mnada wa Msalato kupakia mbuzi kwenye lori, akarudi amebebwa. Alipona, lakini shamba la zabibu msimu ule nilipogoa peke yangu. Fikiria mama watoto wako.

Mkaguzi wa Nyuzi
Wakuu, mimi naona hii ni chai. Someni tena. Jamaa kalea dume tangu ndama, leo eti hajui kumshika kamba. Mara mikono inatetemeka, mara kapasuliwa, mara kuna mpwa katili, mara mtamba wa zawadi. Mambo yanaongezeka kila ukurasa. Na mtu wa kuchunga toka Mlali anaandika Kiswahili kilichonyooka hivi? Kuna mtu anatunga hadithi hapa anawapotezea muda. Kama ni kweli weka ushahidi.

Baunsa wa Area D
Duh. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kumpangia ratiba ya chakula.

Farasi Mweupe
Mkaguzi, kuchunga na kuongoza ni kazi mbili tofauti, na yeye mwenyewe alieleza mwanzo. Ng'ombe aliyezoea kuswagwa akivutwa kwa mbele anagoma au anakukanyaga. Hapo sioni uongo. Kwenye tarehe ndipo anapokwepa.

Mtu wa Mlali
Mkaguzi umeniumiza. Mchungaji haruhusiwi kuwa alisoma? Nilimaliza kidato cha nne, ada ya kuendelea ndiyo ilikosekana. Nimeweka picha mbili. Moja ni dume na hatamu yake, tajiri asije akanijua nimekata kwato kwenye picha maana ana alama yake pale. Ya pili ni karatasi ya kuruhusiwa hospitali, jina nimefunika.

Mkaguzi wa Nyuzi
Dume nimemwona. Mzuri. Nafuta kauli ya chai. Lakini wakuu ikuzeni hiyo karatasi, kona ya juu kulia.

Muuguzi Zamu ya Usiku
Nimeona. Imeandikwa mwezi wa 7. Mwezi huu huu tulio nao! Mdogo wangu, hicho ndicho kitambo? Na umeshaanza kuvutana na dume nyumbani, ndiyo maana panavuta.

Mtu wa Mlali
Ningesema tarehe mapema mngeniambia nilale tu, na mazoezi msingenipa. Nane Nane hainisubiri. Mwaka 2024 ilifanyika kitaifa pale pale Nzuguni na tajiri hakupeleka ng'ombe, nilimbembeleza mwaka mzima. Sasa kakubali, nianze mimi kusema siwezi?

Mzee wa Mpwapwa
Mwanangu, sikia. Dume anayekujua hahitaji nguvu zako, anahitaji sauti yako. Fanya hivi. Usimguse kamba tena kuanzia leo. Mwambie tajiri ukweli, tena mpelekee na hiyo karatasi. Mwambie dume mkubwa hupelekwa na watu wawili, mmoja kwenye hatamu na mwingine kwenye fimbo yenye ndoano ya pete, kwa hiyo wapatikane watu wawili wazima na yule mpwa asiwe mmojawapo. Wewe mfundishe huyo wa hatamu: namna unavyomwita, sehemu anayopenda kukunwa, kinachomshtua. Mfungeni mtini kila siku asubuhi na jioni kwa muda mfupi, apigwe brashi, awashiwe redio jirani. Mpelekeni kwenye maji huku ameshikwa hatamu, ipungue kazi ya kuvutana maana ana sababu ya kwenda. Siku chache zikitumika hivyo atabadilika.

Kama mtu wa hatamu hamna, mimi bado nina mikono. Nipo Kongwa mjini kwa binti yangu mpaka Nane Nane ipite. Jumamosi naweza kuja.

Bi Zabibu
Mzee Mungu akubariki. Na hiyo ahadi ya mtamba iandikwe kwa jina la mlezi, awe ameshika kamba au hakushika. Kazi ya kulea ni yake.

Mtu wa Mlali
Nimeongea na tajiri jioni hii. Karatasi ameisoma, hakufoka. Kasema mtu wa pili niwe nimempata mpaka Jumapili, la sivyo mpwa anaingia. Mtamba amesema "tutaona", Bi Zabibu, najua utasemaje.

Mzee, njoo. Namba nimekutumia pembeni. Fika kabla jua halijapanda, na usije na mwavuli, mwavuli ukifunguliwa anaruka. Ukimsogelea mwite kwanza ukiwa mbali, halafu mkune chini ya shingo.

Ila mimi nitaingia naye uwanjani, upande wa pili, bila kamba. Lazima anione.

Mzee wa Mpwapwa
Upande wa pili ndiko atakakorukia akishtuka. Utakaa nje ya uzio, mbele, mahali anapokuona.

Mtu wa Mlali
Hilo tutaongea ukifika mzee.

Muuguzi Zamu ya Usiku
Mzee, ukifika nyumbani kwake hilo liwe la kwanza, kabla ya chai na kabla ya ng'ombe. Na wewe mleta mada, kesho rudi kliniki wakuangalie panapovuta. Uniandikie hapa walichosema, na tarehe.