MJADALA: Mwandishi wa Uingereza aliyetoka katika jamii ya wahamiaji, anadaiwa kuisemea jamii yake?

Mtunza Maktaba (mleta mada)

Wakuu, naleta hoja. Kila inapotoka riwaya Uingereza iliyoandikwa na mtu mwenye asili ya Bangladesh, Jamaika, Nigeria au Zanzibar, watu huuliza kwanza kama "imetuwakilisha vizuri". Mimi nasema mwandishi wa riwaya hadaiwi uwakilishi. Mbunge anadaiwa, kiongozi wa msikiti anadaiwa, mwandishi hadaiwi.

Mfano wangu ni *Brick Lane* ya Monica Ali, iliyotoka 2003. Nazneen analetwa London akiwa na miaka 18 kuolewa na Chanu, mwanamume wa miaka 40, na wanaishi katika maghorofa ya halmashauri huko Tower Hamlets, mashariki ya jiji. Mwaka ule ule chama cha ustawi cha watu wenye asili ya Sylhet, mkoa wa Bangladesh, kiliandika barua ya kurasa 18 kulalamika kwamba kitabu kimewafanya waonekane washamba wasiosoma. Mwaka 2006 watengeneza filamu walipotaka kupiga picha mtaani penyewe, wakazi wakaandamana, na kazi ikahamishiwa kwingine.

Sasa fungueni kitabu mwone nani anasema nini. Kejeli kuhusu watu wa Sylhet zinatoka kinywani mwa Chanu, asiye mtu wa Sylhet, mwenye shahada ya Dhaka anayoitaja kila mara, anayesubiri kupandishwa cheo kazini na hapandishwi. Anajikweza juu ya majirani kwa sababu wenye ofisi hawamwoni. Dharau ile ni maradhi ya mhusika, na kitabu kinayaonyesha kama maradhi. Tukimshtaki mwandishi kwa maneno ya Chanu, hakuna mhusika mwenye kasoro atakayeandikwa tena.

Bint Malindi

Kaka, umesoma kitabu vizuri lakini umewasoma watu vibaya. Wale wa Sylhet hawakushindwa kutofautisha mhusika na mwandishi. Walikuwa wanapiga hesabu. Idadi kubwa ya Wabangladeshi wa Uingereza asili yao ni mkoa huo wa Sylhet. Riwaya ngapi juu yao zilikuwa zimeshika meza ya mbele ya maduka ya vitabu nchini kote mwaka 2003? Riwaya ikimchora kasisi mjinga wa kijiji cha Kiingereza haimdhuru kasisi yeyote, maana rafu imejaa makasisi wengine, wema na wabaya. Kitabu kikiwa kimoja, kasoro ya mhusika mmoja inakuwa sifa ya mtaa mzima, hata mwandishi awe mwangalifu vipi. Kosa liko kwenye uchache, na uchache ule hawakuutengeneza wao.

Na kuna jambo umeliruka. Hasina, dada yake Nazneen aliyebaki Bangladesh, anaandika barua, na barua zile zimewekwa katika Kiingereza kilichovunjika: vitenzi havina nyakati, viunganishi vimeanguka. Kwa nini? Hasina anamwandikia ndugu yake kwa Kibengali, lugha ya mama yao. Mtu hababaiki hivyo katika lugha aliyolelewa nayo. Anayetetea atasema ni njia ya kuonyesha kwamba hakusoma sana. Lakini asiyesoma sana hukosea tahajia, huandika mstari mrefu bila kituo, hurudia neno. Sarufi ya mama yake haimtoki. Kiingereza kile kilichovunjika hakitoki kwa Hasina, kinatoka katika sikio la msomaji Mwingereza anavyomdhania. Hapo mimi sina haja ya barua ya kurasa 18. Mwandishi ndiye aliyewapa mashahidi.

Mtunza Maktaba

Dada, la barua za Hasina nalikubali bila kubisha. Lakini tazama ulichofanya: umelaumu ufundi, hukulaumu uwakilishi. Barua zile zingekuwa na kasoro hiyo hiyo hata kama Hasina angekuwa mtu mmoja peke yake duniani asiye na kabila.

Mwalimu wa Fasihi

Niingie hapo hapo, maana mnabishana kuhusu "jamii" kama kitu kilichokuwepo kabla ya kitabu. Katika riwaya nyingi za Uingereza tunazozizungumzia, kundi linajengwa ndani ya sentensi, na unaweza kulionyesha kwa kidole.

Kwa wanaofundisha, njia ninayoiona inafaa ni hii. Chukua kurasa 20 za mwanzo. Pigia mstari kila "sisi" na kila "wao", pembeni andika ni nani yumo. Kisha angalia lugha ya msimulizi, siyo ya mazungumzo tu: je, anasema kama wahusika wake au anasema kama gazeti? Mwisho tafuta msomaji anayesemeshwa ni nani, yaani mambo gani yanafafanuliwa na yapi yameachwa kwa sababu "unayajua". Wanafunzi wengi huanguka hatua ya pili. Wanaona lahaja ndani ya alama za usemi wanadhani kazi imekwisha.

Mfano wa kale kidogo, lakini ndio mzizi: *The Lonely Londoners* ya Sam Selvon, 1956. Moses anakwenda stesheni ya Waterloo kumpokea kijana mgeni kutoka Trinidad, na msimulizi mwenyewe anasimulia kwa Kiingereza cha Karibiani. Kabla ya hapo mtindo uliozoeleka ulikuwa msimulizi aseme Kiingereza sanifu, watu wake wavunje lugha ndani ya alama za usemi. Msimulizi anakaa ghorofani, wao uani. Selvon alianza kwa Kiingereza sanifu, akaona hakiendi, akageuza. Lugha aliyoipata siyo ya Trinidad kama inavyosemwa barazani. Ameipunguza makali ili Mjamaika, Mtrinidad na msomaji wa Leeds wote waifuate. Ndani yake yumo hata Cap, Mnigeria. Watu hawa kwao hawakuwa kundi moja. Mjamaika na Mtrinidad walikuwa wakitazamana kwa mbali. London ndiyo iliyowaweka chumba kimoja, na lugha ya msimulizi ndiyo iliyowapa "sisi". Sasa niambieni, Selvon anadaiwa na jamii ipi? Jamii ile ameshiriki kuizaa.

Kazuo Ishiguro anafanya jambo la kutisha zaidi kwa kiwakilishi kidogo tu. Alizaliwa Nagasaki 1954, akapelekwa Uingereza akiwa na miaka 5. Katika *Never Let Me Go* ya 2005 hakuna Mjapani wala mhamiaji. Kathy H., mwenye miaka 31, anasimulia shule ya Hailsham, walikolelewa watoto waliotengenezwa ili viungo vyao vichukuliwe wakikua. Angalieni anavyomsemesha msomaji: mara kwa mara anasema hajui ilikuwaje huko kwenu, ila kwao Hailsham ilikuwa hivi. Anadhani wewe nawe umelelewa mahali kama pale, unasubiri zamu yako ya kukatwa. Umeingizwa katika kundi bila kuulizwa, na unalijua hilo kabla hujajua kundi lenyewe ni la nini. Hiyo kwangu ni riwaya ya utambulisho wa kundi kuliko nyingi zenye bendera jaladani.

Mjukuu wa Baharia

Mwalimu umenena, ila mjadala mzima unachukulia kwamba "kundi" maana yake rangi na asili ya ng'ambo. Mbona hamsemi tabaka na eneo? Mwaka 1994 Tuzo ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya Uingereza, ilikwenda kwa James Kelman, Mskoti wa Glasgow, kwa *How Late It Was, How Late*. Kitabu kizima kimo kichwani mwa Sammy, mlevi mwenye rekodi ya jela aliyeamka kipofu baada ya kupigwa na polisi, na kimeandikwa kwa lugha ya mitaa ya Glasgow, matusi na yote. Jaji mmoja alijitenga hadharani na uamuzi, na magazeti ya London yakakisema vibaya sana. Kelman alipopokea tuzo akatetea haki ya utamaduni wake na lugha yake kuwepo. Yeye ni mweupe, ni mzaliwa wa kisiwa kile kile, lakini lugha ya mama yake ilishtakiwa mbele ya taifa kwa kosa lile lile la kutokuwa ya watu wazima.

Na katika orodha fupi ya washindani wa mwaka huo huo wa 1994 alikuwepo nani? Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kwa *Paradise*.

Bint Malindi

Hilo la mwaka 1994 ni zito, ahsante. Lakini Mskoti ana Edinburgh, ana vyuo, ana wachapishaji wake. Msisawazishe mambo yasiyolingana.

Mtunza Maktaba

Kwa kuwa Gurnah ametajwa, ndipo nilipotaka kufika. Tangu Nobel ya 2021 huku kwetu ugomvi umekuwa "ni wetu" dhidi ya "ni wao". Wengine wakaingiza uraia, kwamba sheria ya Tanzania haikumruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Ni mjadala halali wa sheria, lakini kwa vitabu vyake hausaidii kitu. Ana riwaya 11. *Paradise* haikanyagi Uingereza hata kidogo: Yusuf, mtoto wa miaka 12, anawekwa rehani kwa tajiri Aziz, na safari zote ni za bara na pwani. Bado ilishindania tuzo ya Uingereza. *Dottie* ya 1990 iko Uingereza moja kwa moja, na mhusika wake mkuu kazaliwa huko huko, hajui hata majina yake Badoura na Fatma yalitoka wapi. Mtu mmoja, meza moja, vitabu viwili visivyoingia kapu moja.

Someni *By the Sea*, 2001, mwone anavyolifanyia kundi. Saleh Omar, mzee wa miaka 65, anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, naye anakijua barabara. Ofisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, anapekua begi, anakuta kasha la udi. Mzee ananyamaza, anamtazama ofisa akiufungua, akiunusa, hatimaye akiuchukua. Wakati huo huo ofisa anamweleza kwamba wazazi wake mwenyewe walikuwa wakimbizi kutoka Romania, ila wao ni Waulaya, wana haki, ni sehemu ya familia. Mtoto wa wakimbizi anamfungia mlango mkimbizi wa leo, na kigezo anachotumia ni kundi. Gurnah hakuweka hata sentensi moja ya kulaani. Ameacha udi uondoke.

Halafu pasipoti. Mzee amesafiri kwa jina la Rajab Shaaban Mahmud, na aliyefikiriwa kuwa mkalimani wake, Latif, msomi anayeishi London, anasikia jina la baba yake mzazi. Watu wawili wa Zanzibar wanakutana katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza. Msomaji anayetaka "jamii" anategemea wakumbatiane. Wanachofanya ni kufungua kesi ya zamani: nyumba iliyochukuliwa kwa deni, na meza ndogo ya mpingo ambayo Latif akiwa mtoto alitumwa kuiomba akarudi mikono mitupu. Kwa Edelman wote wawili ni kundi moja. Wao wanajua nani alimdhulumu nani, mtaa gani, mwaka gani.

Kama Gurnah angelipa "deni la uwakilishi", meza ile angeificha. Tusianikane mbele ya Wazungu, si ndivyo tungemwambia? Na riwaya ingekufa.

Mwalimu wa Fasihi

Naongeza jambo moja kwa wanaosoma *By the Sea* darasani. Sauti ni mbili, za Saleh na za Latif, na kila mmoja anaifahamu nusu ya hadithi. Msimwache mwanafunzi achague nani mkweli mpaka afike sehemu ya tatu. Kosa la kawaida ni kumwamini Saleh kwa kuwa alitangulia kusema na alionewa uwanja wa ndege. Kuonewa na ofisa hakumfanyi mtu kuwa hana hatia nyumbani.

Bint Malindi

Mmenisogeza, lakini hamjanifikisha. Nakubali mwandishi asidaiwe kuficha meza ya mpingo. Ila deni halijafutika, limehamia kwa mwingine. Mchapishaji anayechapa kitabu kimoja juu ya jamii, akakiuza kwa picha ya mwanamke aliyejifunika na maneno kwamba "kinafungua dirisha" la jamii hiyo, yeye ndiye aliyekiita mwakilishi. Mwandishi akisema baadaye kwamba ni riwaya tu, jalada limeshasema vingine. Majaji nao wamo. Bernardine Evaristo aliposhinda Booker 2019 kwa *Girl, Woman, Other* alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata tangu ianzishwe 1969, na hata hiyo aligawana na Margaret Atwood, wakati kanuni zilisema mshindi ni mmoja.

Na tazameni Evaristo alivyolijibu tatizo la uchache ndani ya kitabu chenyewe. Hakuchora mwanamke mweusi mmoja abebe mzigo wa wote. Aliwaweka wahusika 12, kuanzia Amma, mwandishi wa tamthilia, mpaka Hattie, bibi wa miaka zaidi ya 90 kwenye shamba la kaskazini, akaondoa nukta karibu zote ili sentensi ya mmoja imwagikie ya mwingine. Wanabishana, wanadharauliana, wawili hawakubaliani hata neno "mweusi" lina nani ndani. Hakuna atakayemnyooshea kidole mmoja aseme "hawa ndivyo walivyo". Ali alikuwa na mtaa mzima na Chanu mmoja wa kuusema vibaya.

Mjukuu wa Baharia

Kwa hiyo, dada, tiba ya uchache ni kuandika watu wengi ndani ya kitabu kimoja? Hilo linawezekana kwa kurasa 450. Riwaya fupi zaidi, ya watu wachache, itafanyaje?

Bint Malindi

Itafanya kama *The Last Gift* ya Gurnah, 2011. Abbas, baharia wa zamani, anaanguka mgonjwa nyumbani kwake Norwich, na hajawahi kuwaambia mke wala watoto alikotoka. Mkewe Maryam ni mtoto aliyeokotwa Exeter. Binti yao Hanna anajiita Anna. Ndugu wa mchumba wake wanamhoji asili yake mezani, na hana cha kuwajibu, maana baba alinyamaza. Hapo kitabu hakisemi kwa niaba ya Wazanzibari, wala hakina haja. Familia ni ya watu wanne, kila mmoja kundi lake limekatika mahali tofauti, na Gurnah anaonyesha mkato mmoja mmoja. Ninachowadai wachapishaji ni kitabu cha namna hiyo kipewe meza ya mbele mwaka kinapotoka. Hiki walikiamkia baada ya Nobel, miaka 10 baadaye. Na sisi tuna deni letu: *Paradise* tumeipata kwa Kiswahili, *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, 2022. *Dottie* na *The Last Gift* zinastahili mfasiri wa kiwango hicho, na kazi hiyo haimsubiri Mwingereza yeyote.