Tupeane uzoefu: Jerez kwenye Feria ya farasi, mlifikaje na mlirudije?

Kisosora (mleta uzi)

Wadau, salaam. Kila Mei inapokaribia simu yangu inajaa swali lilelile kutoka kwa ndugu na marafiki waliotapakaa Ulaya: tunataka kuja Jerez de la Frontera, kusini mwa Hispania, kwenye Feria del Caballo, ile sherehe ya farasi ya wiki nzima, tupitie wapi? Naishi Sevilla, basi nimegeuzwa wakala wa usafiri asiye na mshahara. Leo nafungua uzi, kila aliyekwenda aweke njia yake hapa, wengine wasome.

Naanza na yangu. Kutoka stesheni ya Santa Justa, Sevilla, unapanda treni ya Cádiz na Jerez unashuka baada ya saa moja na dakika kidogo. Anayetoka Madrid ana treni inayokwenda Cádiz bila kubadilisha, inapita Sevilla na kusimama Jerez. Akiikosa, achukue ya mwendo kasi hadi Sevilla, kama saa mbili na nusu, abadilishe hapohapo Santa Justa. Wenye gari ni kilomita 90 hivi, na ile barabara ya AP-4 haitozwi ushuru tena tangu Januari 2020.

Tarehe zinahama. Mwaka 2024 Feria ilianza Mei 4, mwaka uliofuata ikasogea hadi Mei 17. Usinunue tiketi kwa kukariri mwaka jana. Pia angalia mashindano ya pikipiki ya MotoGP, maana yanafanyika Jerez hiyohiyo mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mwaka 2024 yaliisha Aprili 28 na Feria ikaanza Jumamosi iliyofuata. Vitanda vya mji mmoja, wageni wa aina mbili.

Ila kufika hakujawahi kumshinda mtu. Watu wanakwama kurudi. Viwanja vya González Hontoria, Feria inakofanyika, vinanoga hasa taa zikishawashwa, na treni ya mwisho ya Sevilla haisubiri mtu amalize wimbo. Haya, nani alilala wapi?

MamaWawili

Asante kaka kwa uzi. Sisi tulitokea Leicester, mimi, mume wangu na shoga yangu wa Unguja.

Nianze na karatasi kwa sababu ndizo zinazoamua, si ndege. Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya tunaoishi Uingereza, kibali cha ukaazi wa Uingereza hakikuingizi Hispania. Viza ya Schengen lazima, na kupata miadi ya viza kunachukua muda kuliko kitu kingine chochote kwenye safari hii. Sisi tulishika miadi kwanza, kalenda ya Feria ilipotoka tukawa tayari.

Uwanja wa ndege: Jerez wana wao, nje kidogo ya mji, na treni ya abiria ya Ghuba ya Cádiz inasimama hapohapo. Shida, ndege zenyewe si nyingi, wengi mtaishia Sevilla au Málaga. Uwanja wa Sevilla hauna treni, kuna basi linalokushusha Santa Justa. Uwanja wa Málaga una treni ya kwenda mjini, na hapo ndipo watu wanapojidanganya wakadhani wamemaliza. Kwa reli, Málaga kwenda Jerez unapanda kwanza mpaka Sevilla halafu unashuka tena kusini. Siku nzima inakwenda. Basi au gari ni afadhali.

Kulala: Jerez yenyewe bei zilitutazama kwa dharau. Tukachukua chumba El Puerto de Santa María, kituo kinachofuata tu kwenye reli ileile ya Cádiz. Wiki ya Feria waliongeza treni za usiku wa manane kwenye njia hiyo, tukawa tunarudi bila kumbembeleza dereva teksi. Ratiba za ziada hutangazwa siku chache kabla, kwa hiyo usikate tamaa ukitazama mwezi mmoja kabla ukaona hakuna kitu.

Kutoka stesheni ya Jerez hadi viwanjani ni nusu saa kwa miguu, au basi la mji. Nendeni kwa miguu mchana, rudini kwa basi usiku. Ardhi ya viwanjani ni udongo wa njano, vumbi lake halichagui kiatu. Wenyewe wanavaa yale magauni ya mapindo mpaka chini, na ndani ya treni gauni moja linakalia viti viwili. Sisi tulivaa madera, tukasifiwa njia nzima.

Bukavien

Bandugu, jambo. Mimi nilitoka Brussels na ndege mpaka Málaga, pale tukakodi motokari na ndugu zangu wawili. Njia ya pwani mpaka Los Barrios, halafu barabara ya A-381 inapanda katikati ya miti ya mikoko ya vizibo vya chupa... nisamehe, si mikoko, ile mialoni wanayobambua magome. Njia nzuri, haina ushuru, saa mbili na nusu hivi tukawa Jerez. Pale pwani kuna AP-7 ya kulipia na A-7 ya bure zinakwenda sambamba. Sisi tulilipa, A-7 ilikuwa imejaa.

Ile motokari tuliacha kwenye pakingi ya mbali, tukapanda basi ya kwenda Feria. Usijaribu kuegesha karibu. Na mmoja wetu hakugusa kinywaji siku nzima, maana polisi wanapima pombe barabarani usiku na asubuhi pia. Ile rebujito ni mvinyo wa hapo wanachanganya na soda ya limau na barafu, inashuka kama maji, mtu anasimama ndiyo anajua amelewa.

Kisosora

Mialoni kaka, nimekuelewa. Nyongeza kwa wanaonunua tiketi za usiku: treni ya saa saba usiku wa kuamkia Jumapili imeandikwa 01:00 ya Jumapili, si ya Jumamosi. Binamu yangu alifika stesheni na tiketi ambayo treni yake ilishaondoka usiku uliopita. Alikaa kwenye benchi nje mpaka alfajiri, akila mkate.

mzee_wa_Algarve

Niko kusini mwa Ureno. Nawaonya wanaotazama ramani na kuona Huelva, mkoa wa Hispania unaopakana nasi, na Jerez zinakaribiana. Hazikaribiani. Katikati kuna hifadhi ya Doñana na mto Guadalquivir, na ukishaipita Sevilla kuelekea baharini hakuna daraja tena. Unaingia mpaka Sevilla, unavuka kwa Puente del Centenario pamoja na malori yote ya dunia, ndipo unashuka kusini. Programu ya simu itakwambia hivyohivyo, watu hubishana nayo bure.

Faida moja kwetu: barabara ya A22 ya Algarve ilifutiwa ushuru Januari 2025. Hasara moja: saa yetu iko nyuma ya Hispania kwa saa nzima. Ukitoka Faro saa mbili asubuhi, upande wa pili wa daraja la mpakani la mto Guadiana wanaikaribia saa nne kabla hujanywa chai.

SaisiNgong

Nimesoma hapa mnavyozungumzia viti na vitanda, na mimi nina abiria wenye miguu minne. Usaisi nilijifunza Nairobi, mabanda ya Ngong Road, sasa nafanya kazi kwa mwajiri mmoja upande wa Vejer de la Frontera. Wiki ya Feria sisi tunaanza safari kabla nyinyi hamjafunga mabegi.

Farasi hapandi trela hivihivi. Ana pasipoti yake na ana chipu shingoni, na mkaguzi akiisoma ile chipu lazima namba ifanane na iliyo kwenye kitabu. Dereva naye anaangaliwa. Gari kubwa, trela na farasi wawili vinapita kilo 3,500 upesi sana, na ukishapita hapo leseni ya B, ile ya gari dogo, peke yake haikutoshi. Nimeona mtu ameshushiwa farasi kando ya barabara, wakasubiri dereva mwingine kwenye jua la Mei. Farasi hawakufurahi, mwenye farasi ndiyo kabisa.

Sisi kutoka Vejer tunatumia chini ya saa moja, lakini wako wanaotoka kaskazini na wanaotoka Ureno. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya usafirishaji wa wanyama, namba 1 ya 2005, inataka kwenye safari ndefu farasi apewe maji angalau kila baada ya saa nane. Kwa kweli saisi mwenye akili hangoji saa nane. Na kuna jambo ambalo halimo kwenye sheria: farasi wengi wanayakataa maji ya ugenini. Wananusa ndoo, wanageuza kichwa. Kwa hiyo tunabeba madumu ya maji ya nyumbani, tunachanganya kidogokidogo na ya Jerez mpaka wazoee. Farasi asiyekunywa kwenye joto anapata msokoto wa tumbo, na hapo sherehe imekwisha. Miguu tunaifunga bandeji nene, mkia pia, maana ndani ya trela anausugua ukutani mpaka manyoya yanatoka, halafu bosi anataka aonekane malaika.

Tunaondoka alfajiri. Kwanza ni joto, pili ni kwamba barabara za kuzunguka viwanja zinabanwa kadiri mchana unavyosonga. Farasi na magari ya farasi, yale yenye kengele na mapambo, wanazunguka viwanjani tangu mchana hadi jioni. Muda ukiisha wote wanatoka, wabaki watembea kwa miguu. Sasa fikirini: mamia ya farasi wanatafuta trela zao, na trela zote zinatafuta barabara ileile. Mwenye gari ndogo, saa hizo mimi ningekaa nikala samaki wa kukaanga.

Watu huniuliza pia, mbona hukuja na farasi wa Kenya? Mwaka 1987 punda milia walioletwa kutoka Namibia kwenda mbuga ya wanyama karibu na Madrid waliingia na tauni ya farasi ya Afrika. Inaenezwa na usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu. Iliitesa Hispania mpaka 1990, na huku Andalucía iliua farasi wengi. Tangu hapo masharti ya farasi kutoka upande wetu ni makali mno. Saisi wa Ngong anapata viza, farasi wa Ngong ndiye anayeambiwa asubiri.

MamaWawili

Kaka Saisi, kumbe siku ile tulikaa saa nzima ndani ya basi la mji nyuma ya trela zenu!

SaisiNgong

Pole dada. Farasi nao walikuwa wanauliza basi hilo linatufuata kwa nini.

Pemba_Muscat

Asalaam aleikum. Mie nilikuja na familia kutoka Oman, tukaunganisha na Morocco. Meli ya Tanger na Tarifa inachukua saa moja tu, na kutoka Tarifa hadi Jerez ni kilomita mia na kitu. Angalieni viza: yenye ruhusa ya kuingia mara moja, ukishavuka kwenda Tanger umekwisha, hurudi tena Feria. Ombeni ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo.

Kwa wasiokunywa, raha ipo. Vibanda vya sherehe vya Jerez vingi viko wazi kwa kila mtu, si kama Sevilla ambako vingi ni vya wenyewe na wageni wao. Chakula ulizeni kabla, nguruwe anajificha hata kwenye maharage. Samaki ndio salama.

chaikijiweni

Wakuu, nilitafuta hoteli "Jerez" nikaona bei nzuri ajabu, ila programu inasema hakuna stesheni ya treni. Ni kweli?

Kisosora

Futa haraka! Hiyo ni Jerez de los Caballeros, iko Extremadura, mkoa wa Badajoz, mamia ya kilomita kutoka huku. Wewe unataka Jerez de la Frontera, mkoa wa Cádiz.

chaikijiweni

Nimefuta, bado nilikuwa ndani ya muda wa kurudishiwa pesa. Swali la mwisho: tunakuja na watoto, mmoja bado wa kigari. Tufike saa ngapi, na tulale wapi?

MamaWawili

Laleni Cádiz au El Puerto, karibu na stesheni. Ingieni viwanjani saa saba mchana, farasi ndio kwanza wanajaa na watoto wanawaona kwa karibu, kofia na maji msisahau. Jua likiwashinda, kwenye kingo za njia kuna miti, kaeni hapo. Kama siku yenu inaangukia maonyesho ya Real Escuela, ile shule ya farasi iliyoanzishwa 1973, iko mjini hapohapo, kateni tiketi mapema, mtoto anakaa kwenye kiti na farasi anacheza mbele yake. Kisha saa mbili usiku ondokeni. Msiogope giza, Mei kule jua halizami mpaka saa tatu, na treni ya saa mbili ina nafasi ya kigari. Hiyo ya saa tisa usiku tuachieni sisi ambao watoto tumewaacha kwa bibi.