Ambari, zabadi au miski: nitie ipi katika udi wa harusi?

MwanaShangani
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninapika udi wa harusi ya mdogo wangu na nimekwama katika jambo moja. Muuzaji wa kwanza ananipa ambari, wa pili ana zabadi iliyotiwa ndani ya pembe, na wa tatu ana mafuta ya miski ambayo kwa kauli yake yametoka kwa paa wa Himalaya. Nimeahidi kuwajibu Ijumaa. Ipi ninunue?

Mtwangaudi
Waalaykumu salaam, dada. Hukutueleza lolote la kutuwezesha kukujibu. Udi wenyewe ni wa vijiti au wa kupikwa kwa shira ya sukari? Ni kilo ngapi? Kila mmoja anataka fedha kiasi gani, na harusi ni ya hapa hapa au kuna kusafiri?

PwaniYaZenji
Mimi sihitaji hata kujua bei. Chukua ambari. Pwani hii ilisifiwa kwa ambari tangu karne ya 10, pale al-Masudi, mwanahistoria na msafiri Mwarabu, alipoandika kwamba iliyo bora hupatikana katika bahari ya Zenji. Tena hakuna mnyama anayeteswa, kwa kuwa ni uchafu wa tumbo la nyangumi mla ngisi, unaomtoka na kuelea baharini kwa miaka hadi weusi ule na harufu ya kinyesi vigeuke kuwa rangi ya kijivu na harufu tamu yenye chumvichumvi. Ukiivunja ukakuta vipande vyeusi vya midomo ya ngisi, usiulize tena.

MamaChetezo
Mwanangu PwaniYaZenji, maneno kama hayo ndiyo yaliyoniponza. Nilipomwoza binti yangu, dalali mmoja aliniletea donge la kijivu la gramu 40, lina harufu ya bahari na kafuri kwa mbali, akaniapia kwamba limeokotwa na mvuvi. Kwa haya za kumdhania mtu mzima uongo, sikulijaribu. Somo wetu, kungwi wa bi harusi, alikoroga shira hadi ikashika uzi, akatia vijiti, akatia marashi ya waridi, kisha akalikwangua lile donge juu yake. Halikuchanganyika hata kidogo. Lilielea kama mafuta juu ya mchuzi, na sufuria ilipopoa tukakuta kifuniko cheupe kilichoganda, ambacho somo alikiinua kwa ncha ya kisu kikatoka kizima. Tulichoma kipande kidogo kwenye chetezo, na chumba chote kikanuka mshumaa uliozimwa sasa hivi. Kilo mbili za udi zilipotea siku tatu kabla ya nikahi, na dalali alipopigiwa simu alisema kwamba moto wetu ulikuwa mkali. Kwa hiyo, kabla ya kutoa shilingi, pasha sindano moto uichomeke: ambari ya kweli huyeyuka pale pale ikawa nyeusi, ikanata kama lami, na moshi wake huwa na harufu nzuri.

MwanaShangani
Shikamoo, Mama, na pole sana. Udi ni wa kupika, kilo moja na nusu. Ambari ni gramu 10 kwa laki mbili, zabadi nusu ya hapo, na miski ni elfu thelathini kwa tola, yaani karibu gramu 12.

FundiHaludi
Kwa bei hiyo, miski hiyo haijamwona paa. Kifuko cha miski cha dume mmoja hutoa takriban gramu 25 tu, na kwa kawaida mnyama huuawa ili kipatikane. Ndiyo maana paa wa miski wa India, Nepal na Pakistani wamo katika orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Hata hivyo, sioni aibu katika miski ya maabara. Mwanakemia Ruzicka alikwisha kufumbua umbo la muskoni, kile kiini cha harufu ya miski, mwaka 1926, na badala ya ambari kuna ambroksani, inayotengenezwa kutokana na mmea wa jamii moja na mnanaa. Mimi huuza haludi, yaani manukato ya mafuta, zenye vitu hivyo, nami humwambia mteja wazi.

Mtwangaudi
Humwambia wazi, lakini chupa imeandikwa "ambari halisi"?

FundiHaludi
Imeandikwa "harufu ya ambari". Soma vizuri, ndugu yangu.

MsafiriWaJimma
Naomba dada afikirie pia zabadi inakotoka, kwani iliyo ndani ya pembe kwa kawaida ni ya Ethiopia. Nilionyeshwa namna inavyovunwa: fungo dume amefungiwa katika kizimba chembamba cha fito, asichoweza kujigeuza, na kila baada ya siku kumi hivi hushikwa mkia na miguu ya nyuma ili mafuta ya tezi yake, ndiyo zabadi, yakwanguliwe kwa kijiko. Nilipoondoka pale sikutaka tena kuinusa. Halafu wako wanaoichanganya na siagi ili uzito uongezeke.

PwaniYaZenji
Huyo ni ngawa, si fungo.

MsafiriWaJimma
Kwetu bara ni fungo, na kizimba ni kile kile.

MamaChetezo
Bibi yangu alimwita paka wa zabadi, na alitia kiasi cha punje ya mtama katika kilo nzima. Wanaoilaumu zabadi kwa kunuka huwa wamezidisha.

PwaniYaZenji
Turudi kwenye ambari. Ibn Abbas, katika Sahihi ya Bukhari, alisema kwamba si hazina ya ardhini bali ni kitu kilichotupwa na bahari. Ni riziki safi, haina damu wala kizimba.

Mtwangaudi
Si kila mara hutupwa na bahari. Mwaka 2021 wavuvi 35 wa Yemen walitoa kilo 127 ndani ya tumbo la nyangumi waliyemkuta amekufa katika Ghuba ya Aden. Dada, bado hujajibu swali langu la safari.

MwanaShangani
Samahani, nilipitiwa. Nikahi ni hapa Unguja, lakini bi harusi atahamia Mumbai kwa mumewe, na nusu ya udi ataondoka nao.

Mtwangaudi
Jambo hilo lilipaswa kuwa katika mstari wako wa kwanza! India imeharamisha biashara ya ambari, na watu hukamatwa kwa ajili yake.

PwaniYaZenji
Ikishapikwa ndani ya udi, nani ataitambua?

FundiHaludi
Usimfundishe bi harusi kusema uongo forodhani.

MwanaShangani
Nimetoka kwa yule wa ambari sasa hivi. Amekataa nisiichomeke sindano mpaka nilipe nusu.