Neno "beriberi" limetoka wapi, na lifasiliwe vipi?

Mtunga faharasa
Wakuu, naandaa faharasa ya magonjwa ya lishe na nimekwama kwenye beriberi. Wapo wanaosema neno ni la Kisinhala, lugha ya Sri Lanka, wengine la Kimalei lenye uhusiano na kondoo. Lipi lina mashiko? Na fasili fupi isemeje bila kupotosha?

Mpenda lugha
Kisinhala ndicho chenye nguvu zaidi. Humo *beri* ni udhaifu, hali ya kutoweza, na likirudufiwa linatia mkazo, kama tunavyofanya sisi. Habari ya kondoo inatoka kwa Jacobus Bontius, daktari Mholanzi aliyefanya kazi Batavia, Jakarta ya leo. Maandishi yake yalichapishwa 1642, yeye akiwa ameshafariki. Aliandika kwamba wenyeji waliuita hivyo kwa kuwa mgonjwa hutembea kama kondoo. Ni kweli *biri-biri* ni kondoo kwa Kimalei, ila maelezo ya aina hii mara nyingi huzuka baada ya neno kuwapo. Liweke kama dai la pili.

Lishe
Andika: "ugonjwa unaotokana na upungufu wa thiamini, yaani vitamini B1". Tafadhali usiandike "ugonjwa wa kula wali". Mchele hauna kosa. Thiamini yake nyingi imo kwenye pumba na kiinitete (sehemu ya punje inayochipua), navyo huondoka unapokobolewa hadi kuwa mweupe. Hata Christiaan Eijkman, daktari Mholanzi aliyeona kuku wakipooza miguu huko Java kwa kulishwa mchele mweupe, alidhani una sumu. Gerrit Grijns, aliyeendeleza utafiti wake, ndiye aliyeeleza, 1901, kwamba kuna kitu kinachokosekana. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1.2 kwa siku, na akiba mwilini ni kama miligramu 30 tu, kwa hiyo wiki chache zinatosha kuimaliza.

Tabibu
Ongeza aina mbili. Beriberi kavu hushika neva: ganzi na kuwaka moto nyayoni, misuli kulegea, mguu kuburuzika. Ya maji hushika moyo: mapigo ya kasi, pumzi kubana, miguu kuvimba, na ukibonyeza muundi kwa kidole shimo linabaki. Mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili.

Na kama faharasa itasomwa na wauguzi, weka onyo hili: anayeshukiwa kuwa na beriberi apewe thiamini kabla ya dripu ya glukosi. Mwili hutumia thiamini kuchoma glukosi, hivyo dripu ikitangulia humaliza hata ile kidogo iliyobaki, na mgonjwa anaweza kuzidiwa ghafla.