Msaada wakuu: PS4 inashusha gemu vizuri ila NAT ni aina ya 3, siwezi kucheza na kaka yangu aliyeko Muscat

Binti_Kikwajuni | Jumatatu, saa 3:40 usiku

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie, hii ni wiki ya tatu nahangaika.

Nipo Unguja, Kikwajuni. Nina PS4 Slim aliyoniachia kaka yangu alipokwenda Muscat kikazi. Huko naye akanunua yake, tukakubaliana kila Ijumaa usiku tuingie pamoja, tucheze mpira mechi tatu nne huku tunazungumza. Kwenye simu kaka ni mtu wa "hamjambo, sote wazima huku", kisha kimya. Akishika pedi ndipo anafunguka, anasema ya kazini, anamuuliza mama hali yake. Kwa hiyo naomba msione kama nalilia mchezo tu.

Zamani tulikuwa na intaneti ya waya wa simu ya mezani, ya polepole lakini tulikuwa tunakutana bila tabu. Mwezi uliopita tumefungiwa faiba. Kasi imekuwa nzuri, nimeshusha sasisho la GB 30 usiku mmoja. Lakini nikijiunga na kaka, pembeni ya jina lake inatokea alama ya mshangao, simsikii wala hanisikii. Akinialika kwenye mechi inazunguka, inazunguka, kisha inasema muunganisho umeshindikana.

Nikipima intaneti kwenye PS majibu ni haya: anwani ya IP imepatikana, intaneti imefaulu, kuingia PSN (mtandao wa PlayStation) kumefaulu, NAT aina ya 3.

Nimeshazima na kuwasha kila kitu. Nimebadilisha DNS (inayotafuta anwani za tovuti) nikaweka 8.8.8.8 na 8.8.4.4. Nimetoka kwenye waifai nikatumia waya. Mwisho nikajaribu hotspoti ya simu, nayo ikaleta aina ya 3 vilevile. Hapo nikaona basi PS yenyewe ndiyo mbovu, nikaipeleka kwa fundi. Amesema kadi ya mtandao imekufa, anataka laki na ishirini abadilishe.

Nimlipe? Akaunti yangu imefunguliwa kwa nchi ya Uingereza, kama hilo linahusika.

KijanaWaNyegezi | saa 3:52 usiku

Pole dada. Mimi yangu ilisumbua hivyohivyo, nikairudisha kama ilivyotoka kiwandani, ikakaa sawa. Futa kila kitu uanze upya.

FundiNyaya | saa 4:05 usiku

Dada, usilipe na usifute chochote kwanza.

Ukifuta sasa hivi unapoteza kumbukumbu zote za gemu ambazo hujazihifadhi pembeni, na tatizo litakusubiri palepale. Kama bado una wasiwasi, chomeka flashi, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya data zilizohifadhiwa za programu, unakili kwenye flashi. PS4 inaruhusu hilo. Wenye PS5 muwe makini, kule gemu za PS5 haziruhusiwi kunakiliwa kwenye flashi, ni za PS4 tu.

Kuhusu kadi ya mtandao: kadi iliyokufa haishushi GB 30. Na wewe umetumia waifai na umetumia waya. Hizo ni njia mbili tofauti, haziwezi kuugua ugonjwa mmoja siku moja.

Nijibu mambo matatu. Kwenu kuna kiboksi kimoja cha intaneti au viwili? PS umeichomeka kwenye kipi? Na kaka yako akipima kwake anapata NAT aina gani?

Mzee_wa_Pedi | saa 4:11 usiku

Nchi ya akaunti haihusiki, binti yangu. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN, ndiyo maana wengi wetu tunatumia akaunti za Uingereza, Marekani au Afrika Kusini. Ingekuwa hilo ndilo tatizo usingeweza hata kuingia PSN, na wewe umeingia.

Binti_Kikwajuni | saa 4:30 usiku

Shikamoo Mzee, ahsante, hilo lilikuwa linaninyima usingizi.

FundiNyaya, viboksi ni viwili. Kimoja waliokuja kufunga faiba wamekiweka ukumbini. Cha pili ni rauta yetu ya zamani, ipo chumbani kwangu, inapokea waya kutoka ukumbini. PS nimeichomeka kwenye hii ya chumbani. Kaka anasema kwake ni aina ya 2.

Otis_Nairobi | saa 4:44 usiku

Hujambo dada. Au ni zile kebo za chini ya bahari zimekatika tena? Mei 2024 huku Kenya tuliteseka vibaya.

FundiNyaya | saa 5:02 usiku

Otis, tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, Tanzania nasi tuliipata. Lakini siku ile kila kitu kilikuwa kizito, hadi kufungua ukurasa wa gazeti. Kebo ikikatika kasi inashuka, ila NAT haigeuki kutoka 2 kwenda 3. Kwa dada kasi ipo, kinachokosekana ni njia ya kuingilia.

Dada, nikueleze hii NAT kwa namna ninayowaeleza wateja wangu. Unajua S.L.P. ya skuli. Walimu arobaini, sanduku moja posta. Mwalimu akituma barua na kuandika "nijibu kwa jina la Fatma, darasa la tano", jibu likija karani anajua alipeleke wapi. Lakini ikija barua ambayo hakuna aliyeitegemea, haina jina, karani hajui ni ya nani, anaiweka kando. Rauta ndiye karani. PS yako ikiomba gemu kutoka seva, jibu linarudi vizuri kwa sababu wewe ndiye uliyeanza. Ndiyo maana kushusha hakuna shida. Kuzungumza na kaka ni tofauti: sauti inapita moja kwa moja kati ya konsoli na konsoli, yaani yake nayo inabidi igonge mlango wako. Karani anaikataa.

Aina ya 1 maana yake konsoli ipo wazi kabisa kwenye intaneti. Aina ya 2 ipo nyuma ya karani anayeelewa kazi, na hiyo ndiyo ya kawaida majumbani. Aina ya 3 karani anakataa karibu kila mgeni. Wawili wa aina ya 3 kukutana ni kazi ngumu sana, na hata wa 3 na wa 2 wanasumbuka kama hivi.

Sasa kwako makarani ni wawili, cha ukumbini na cha chumbani. Kesho ibebe PS uipeleke ukumbini, ichomeke moja kwa moja kwenye kiboksi cha faiba, upime. Usibadilishe kitu kingine chochote, ili tujue ni nini kilicholeta tofauti.

KijanaWaNyegezi | saa 5:10 usiku

Nimekuelewa mkuu, na samahani dada kwa ule ushauri wa kufuta. Naomba niulize langu hapahapa: mimi juzi nimeletewa kosa WS-37397-9, siingii PSN kabisa.

FundiNyaya | saa 5:19 usiku

Hilo ni lingine, mdogo wangu. WS-37397-9 ni PSN imeizuia anwani ya IP unayotokea. Mara nyingi wewe hujafanya kosa, ila anwani hiyo mnaitumia watu wengi na mmoja wao amefanya fujo. Zima rauta, subiri kidogo, uwashe, huenda ukapewa anwani nyingine. Ukiona WS-37403-7 wewe tulia tu, hapo PSN iko kwenye matengenezo. NW-31297-2 angalia nywila ya waifai. NW-31253-4 angalia DNS.

Binti_Kikwajuni | Jumanne, saa 1:25 usiku

Nimerudi wakuu. Nimeichomeka ukumbini moja kwa moja. Bado ni aina ya 3. Nimekata tamaa kidogo, kusema kweli.

Mzee_wa_Pedi | Jumanne, saa 1:48 usiku

Usikate tamaa. Ingia kwenye kiboksi cha faiba ufungue porti, yaani milango ya kupitishia data. Za PSN ni TCP 80, 443, 3478, 3479 na 3480, na UDP 3478 na 3479. Kwanza ipe PS anwani isiyobadilika humo ndani, la sivyo kesho umeme ukikatika na kurudi anwani itahama, porti zitakuwa zinaelekea kwenye televisheni.

FundiNyaya | Jumanne, saa 2:15 usiku

Mzee, porti ni sahihi, lakini kabla hajazigusa kuna kitu kimoja nataka akiangalie. Ikiwa ndivyo ninavyohisi, atafungua porti usiku kucha bure.

Dada, chukua simu iliyo kwenye waifai ya kiboksi, fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini ya kiboksi, nyingi ni 192.168.100.1 au 192.168.1.1. Ingia kwa jina na nywila zilizo kwenye kibandiko hichohicho. Tafuta ukurasa wa hali ya WAN, yaani upande wa kiboksi unaotazama intaneti. Utaona anwani ya IP. Niandikie namba mbili za mwanzo tu, nyingine usiziweke hadharani.

Ukiwa humo, tafuta palipoandikwa UPnP, hakikisha imewashwa. Hiyo ndiyo inayoiruhusu PS kumwambia karani yenyewe "wageni wangu wakija walete kwangu", bila wewe kuandika porti moja moja.

Binti_Kikwajuni | Jumanne, saa 2:41 usiku

UPnP ilikuwa imezimwa, nimeiwasha. Anwani ya WAN inaanza na 100.81. NAT bado 3.

FundiNyaya | Jumanne, saa 2:50 usiku

Basi tumempata.

Anwani kuanzia 100.64 hadi 100.127 si za intaneti ya wazi. Zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za mtandao kuwagawia wateja wao kwa ndani. Anwani za IPv4 dunia nzima ni kama bilioni 4.3 na zimeshagawiwa, kwa hiyo kampuni inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hiyo inaitwa CGNAT. Maana yake kuna karani wa tatu, yuko ofisini kwao, na huyo huwezi kumfikia kwa mipangilio yoyote ya nyumbani. Ungefungua porti zote za Mzee, barua ingekwama kwake kabla haijafika mtaani kwenu.

Na hapa ndipo lile jaribio lako la hotspoti lilipokupoteza. Kampuni za simu nazo zinafanya hivyohivyo, laini nyingi nyuma ya anwani moja. Ukaona faiba inagoma, simu inagoma, ukasema mbovu ni PS. Kumbe umeipima kwenye njia mbili zenye kizuizi kilekile. Ile intaneti yenu ya zamani huenda ilikuwa inakupa anwani ya wazi, ndiyo maana mlikuwa mnakutana. Konsoli yako ni nzima. Nenda kaichukue laki na ishirini yako kama ulishatanguliza.

Binti_Kikwajuni | Jumanne, saa 2:58 usiku

Sijampa hata shilingi, alhamdulillahi. Sasa nifanyeje?

FundiNyaya | Jumanne, saa 3:06 usiku

Piga huduma kwa wateja wa hiyo faiba, uombe anwani ya IP ya umma. Baadhi ya kampuni wanatoa bure ukiomba, nyingine wanalipisha kila mwezi, nyingine ni kwa wateja wa ofisi tu. Wakikubali, zima kiboksi na ukiwashe, kisha rudi kwenye ukurasa ule wa WAN. Ikiwa bado ni 100 na kitu, hawajafanya.

Rauta ya chumbani usiitupe. Waya unaotoka ukumbini uutoe kwenye tundu la WAN, uuchomeke kwenye tundu mojawapo la LAN, yale ya vifaa vya nyumbani. Ila kabla ya hapo izime DHCP yake (ile kazi ya kugawa anwani), na uipe anwani isiyogongana na ya kiboksi. Itakuwa inasambaza waifai tu, haigawi anwani, na karani nyumbani atabaki mmoja.

Otis_Nairobi | Jumanne, saa 3:15 usiku

Na VPN je, ile ya kupitisha intaneti yako kwenye seva nyingine? Rafiki yangu anaitumia.

FundiNyaya | Jumanne, saa 3:22 usiku

VPN nyingi nazo zinakuweka nyuma ya anwani ya pamoja, kwa hiyo unabadilisha karani kwa karani. Tena PS4 haina sehemu ya kuweka VPN, inabidi uiweke kwenye rauta, na safari inakuwa ndefu. Kwa mpira utaona mchezaji anachelewa kugeuka. Hiyo iwe ya mwisho, kampuni ikikataa kabisa.

Binti_Kikwajuni | Ijumaa, saa 5:35 usiku

Wakuu, nimetoka kucheza sasa hivi.

Jumatano nilipiga, yule wa kwanza akaniambia nizime rauta niwashe, nikakata simu nimevunjika moyo. Alkhamisi nikapiga tena, nikaunganishwa na mtu wa ufundi, akanielewa mara moja. Wameongeza elfu kumi na tano kwa mwezi, kaka amesema atalipa yeye. Jioni anwani ya WAN ikabadilika, nikapima: NAT aina ya 2. Rauta ya chumbani nimeifanya kama ulivyosema, waifai inafika hadi jikoni.

Tumecheza mechi sita. Mama alikaa na sisi mpaka ya nne, amevaa kipaza sauti, akimhesabia kaka dawa zake za presha moja moja. Mungu akulipe kheri FundiNyaya, na wewe Mzee, na nyote.

KijanaWaNyegezi | Ijumaa, saa 5:50 usiku

Hongera sana dada. Nimeangalia yangu, WAN inaanza na 100.70. Huyo mtu wa ufundi ulimwambiaje hadi akakuelewa?

Binti_Kikwajuni | Ijumaa, saa 6:02 usiku

Usianze kusema gemu, watakuambia uzime na uwashe. Mie nilisema hivi: "Kiboksi changu kinapata anwani ya WAN inayoanza na 100.81, kwa hiyo mmeniweka nyuma ya CGNAT. Naomba mnitoe humo, mnipe anwani ya IP ya umma. Kama ina malipo niambieni ni kiasi gani." Yako sema 100.70. Wakikuambia haiwezekani, omba wakuunganishe na kitengo cha ufundi kabla hujakata simu.