Dar hadi Toronto daraja la biashara na mtoto wa miezi 20: njia ipi, kiti kipi?

Upanga_Mashariki

Habari zenu wakuu. Naomba ulinganisho kutoka kwa wanaozijua hizi ndege kwa ndani. Safari ni Dar–Toronto, mzazi mmoja na mtoto wa miezi 20, kilo 11 na nusu. Kwenda Juni, kurudi katikati ya Novemba. Mtoto anatimiza miaka miwili Oktoba. Njia zilizo mezani ni Ethiopian kupitia Addis Ababa, Emirates kupitia Dubai, Qatar kupitia Doha, na KLM kupitia Amsterdam. Swali la pili: nimpakate, nimnunulie kiti chake hukohuko mbele, au niachane na daraja la biashara nichukue viti vitatu vya ekonomi?

Tiketi_Kariakoo

Anza na siku ya kuzaliwa kabla hujafika kwenye ndege. Umri wa mtoto unahesabiwa siku anayoruka, si siku unayonunua tiketi. Juni anaweza kupakatwa. Novemba ameshavuka miaka miwili, lazima awe na kiti. Wapo wanaokata tiketi ya kupakata kwenda na kurudi, mfumo ukaipokea, halafu wanakwama kaunta siku ya kurudi mpaka walipe nauli ya siku hiyohiyo, na hiyo huwa kali kuliko zote. Mwambie wakala tangu mwanzo: kwenda ni mtoto mchanga wa kupakatwa, kurudi ni mtoto mwenye kiti.

Kuhusu bei, kupakata kwenye safari za kimataifa kwa kawaida ni asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima ya daraja lilelile, na kodi juu yake. Kiti cha mtoto wa miaka 2 hadi 11 mara nyingi huanzia asilimia 75. Kwa mfano wa hesabu tu: nauli yako ikiwa dola 4,000, wa kupakatwa ni 400, mwenye kiti ni 3,000. Na kama tiketi yako mwenyewe unailipia kwa maili, yaani pointi za abiria wa mara kwa mara, uliza mapema, kwa sababu mashirika mengi hukokotoa ile asilimia 10 kwenye nauli kamili ya fedha taslimu, si kwenye kodi ndogo uliyolipa wewe.

Mstari_wa_Mbele

Upanga, weka jina la shirika pembeni, tazama mpangilio wa viti. Mtoto wa umri huo anataka kukuona na kukugusa, basi. Kile kinachouzwa ghali kwa mfanyabiashara anayesafiri peke yake, kiti kilichojifunga kama chumba, kwako ni ukuta kati yako na mwanao.

Ethiopian: ndege zao za 787 na A350-900 kwa kawaida ni 2-2-2, yaani viti viwili, ujia, viwili, ujia, viwili. Viti viwili vimeshikana, katikati kuna sehemu ya kuwekea mkono na kimeza kidogo. Vikilazwa vyote viwili, mkono wako unafika kifuani kwa mtoto huku umelala na mkanda umefungwa. Chukua jozi ya ubavuni, mtoto dirishani, wewe kwenye ujia. Watu huulalamikia mpangilio huu kwa sababu wa dirishani hatoki bila kumruka jirani. Kwako wewe hilo ndilo geti.

Emirates: 777 ambazo hazijakarabatiwa ni 2-3-2. Jozi za pembeni ni nzuri kwa sababu ileile. Epuka zile tatu za kati, utakuwa na mtu mgeni ubavuni. Dubai–Toronto huwekwa A380, nayo ni 1-2-1 ghorofa ya juu. Hapo viti vya kati vinapishana: mstari mmoja viwili vimeshikana, unaofuata vimetenganishwa na meza. Kwenye ramani ya viti tafuta E na F, ndivyo vilivyoshikana. Usikae nyuma kabisa. Kule kuna baa, na sauti za watu hazikomi.

Qatar: Qsuite, viti vyao vya daraja la biashara vyenye mlango, inapendwa na familia kwa sababu viti viwili vya kati vinavyotazama mkia wa ndege hugeuka kitanda kimoja kipana. Ni kitu kizuri kweli, ila kwa sharti kwamba mtoto ana kiti chake. Na kwa Juni, akiwa wa kupakatwa, uliza kwanza kama anaruhusiwa kwenye kiti kinachotazama nyuma. Pia si kila ndege ya Qatar ina Qsuite. Angalia aina ya ndege kwa kila kipande, Dar–Doha na Doha–Toronto, kila kimoja peke yake.

KLM 787: 1-2-1, viti vya kati vimeinamiana kidogo lakini vina ganda, yaani ukingo mgumu wa kiti, katikati. Unamwona usoni ukiinuka, ukilala humwoni.

Bandari_Salama

Naomba nipingane kuhusu vile viti vilivyojifunga kama chumba, vyenye mlango. Mtoto wa miezi 20 anatembea. Kwenye 2-2-2 mzazi akipitiwa na usingizi dakika kumi, mtoto anapanda juu ya miguu yake na kushuka kwenye ujia, penye toroli la chai. Mlango ukifungwa hana pa kwenda.

Mstari_wa_Mbele

Hoja ina uzito, ila mlango huo ni wa kuteleza, hauna kufuli, na mtoto akiona wewe unavyouvuta mara mbili, ya tatu anauvuta mwenyewe. Isitoshe, wakati wa kupaa na kutua milango yote lazima iachwe wazi. Kitu kinachomzuia mtoto ni mkanda wake kupita juu ya blanketi, ili mhudumu auone bila kumwamsha.

Hatari kubwa zaidi kwenye hivi viti vya umeme ni vidole. Vitufe vya kulaza kiti viko ubavuni mwa kiti, mahali ambapo mkono wa mtoto aliyesimama kitini hufika kirahisi. Akibonyeza, sehemu ya miguu inarudi, na kwenye ile pango ya kuingiza miguu kuna nafasi inayojibana. Kabla ya kumweka, laza kiti na ukiinue mara moja uone kinajibana wapi, kisha ziba pengo kwa mto au blanketi lililokunjwa. Uliza pia kama vitufe vinaweza kuzimwa. Kwenye baadhi ya viti inawezekana. Simu ikitumbukia pembeni ya kiti usikisogeze hata kidogo, mwite mhudumu. Betri ikisagwa na mota ya kiti inawaka moto.

Upanga_Mashariki

Asanteni sana, hili la vidole sikulifikiria. Kile kitanda kidogo cha kufungwa ukutani kinamfaa? Na je, nibebe kiti chake cha gari?

Mkanda_Kiunoni

Kitanda cha ukutani sahau. Vingi vina kikomo cha kilo 10 au 11, na urefu wa mwili kama sentimita 70 hadi 75. Wako ameshapita vyote viwili. Tena mtoto anatolewa humo kila taa ya mkanda ikiwaka, hata kama ndiyo kwanza amelala.

Kiti cha gari ni swali la mkanda. Viti vingi vya daraja la biashara vina mikanda minene yenye mfuko wa hewa ndani. Mkanda huo hautumiki kumfunga mtoto wa mapajani wala kiti cha gari. Lazima wahudumu wauzime au wabadilishe. Halafu vile viti vilivyokaa mshazari mara nyingi haviruhusiwi kiti cha gari kabisa, na kwa kuwa ganda la kiti cha ndege ni jembamba, kiti cha gari kinaweza kisiingie hata kikiruhusiwa. Kwa hiyo andikia shirika: namba ya ndege, namba ya kiti, jina la kiti cha gari, upana wake kwa sentimita. Jibu lije kwa maandishi. Jibu la simu halikusaidii mlangoni.

Ile mikanda ya begani inayozungushwa nyuma ya kiti cha ndege, ya watoto wa kilo 10 hadi 20, imetengenezwa kwa viti vya ekonomi. Mbele ganda la kiti haliachi pa kuipitisha.

Akipakatwa, mashirika ya Ulaya, Ghuba na kwetu yatakupa mkanda mdogo unaopitishwa kwenye wako. Ufunge mtoto akitazama mbele, mkanda uwe chini tumboni, wako kwanza, wake baadaye. Mbeleko inakufaa sana uwanja wa kubadilishia ndege, mikono yote inabaki huru, lakini wakati wa kupaa na kutua utaambiwa umtoe.

Zunguka_Tena

Mimi naitazama kwa vipande vya safari. Addis ni kama saa 3 kisha saa 15 hivi. Dubai na Doha ni saa 5 na nusu hadi 6, kisha 13 hadi 14. Amsterdam ni saa 9 au 10 za usiku, kisha 8 za mchana. Kwa mtoto anayetembea, kipande cha saa 15 kina usingizi mmoja mrefu na saa sita au saba za kumtafutia shughuli ndani ya ukanda wenye mistari michache. Amsterdam inakata safari katikati: analala usiku, anakimbia uwanjani saa mbili tatu, anapanda tena.

Uzuri wa Addis ni kwamba kile kipande kifupi kinakwisha haraka na hakiharibu usiku. Lakini uwanja wa Bole uko juu, kama mita 2,300, hewa nyepesi, ndege haiwezi kupaa na uzito wote, ndiyo maana baadhi ya safari za kwenda Marekani Kaskazini hutua njiani kujaza mafuta. Abiria hamshuki, ila mtoto anaamshwa kufungwa mkanda kwa kutua na kupaa. Uliza kama safari yako ina kituo.

Kura yangu: Juni ya kupakata, KLM, kwa sababu hakuna kipande ambacho utambeba kilo 11 na nusu saa 14. Novemba mwenye kiti chake, Ethiopian au Qsuite.

Nesi_wa_Watoto

Naongeza ya afya, maana hapa ndipo safari inaharibika hata kiti kikiwa kizuri.

Masikio: ndege huanza kushuka kama dakika 25 hadi 30 kabla ya kugusa ardhi. Mpe cha kunyonya au kumeza mwanzo wa kushuka, usingoje magurudumu yatolewe. Sikiliza injini zikipungua sauti, huo ndio wakati. Akiwa na mafua mazito, safisha pua kwa matone ya maji ya chumvi nusu saa kabla.

Dawa ya kumlaza: hapana. Promethazini haipewi mtoto chini ya miaka miwili, inaweza kudidimiza pumzi. Na dawa za namna hiyo kwa watoto wengine hugeuka, badala ya kulala anachachamaa saa nzima.

Maziwa ya unga: pima unga mkavu nyumbani, kila chupa kwenye kifuko chake. Omba maji ya moto ya jikoni, mwaga unga maji yakiwa bado nyuzi 70 au zaidi, tikisa, kisha simamisha chupa kwenye bilauri ya maji na barafu dakika tano sita. Maji ya moto ya ndege yanaweza kuunguza, hivyo dondosha kwenye kifundo cha mkono kabla ya kumpa. Beba kiasi cha safari nzima na nusu yake tena. Pampasi, moja kila saa mbili na tano za akiba.

Maziwa, maji na chakula cha mtoto havifungwi na ule ukomo wa mililita 100, ila vitoe kwenye begi kabla hujaambiwa. Chakula cha mtoto kiagizwe mapema, na bado beba ndizi na mkate. Chakula cha mbele hutoka kwa awamu na mtoto hana subira hiyo.

Tiketi_Kariakoo

Juu ya vile viti vitatu vya ekonomi: si wazo baya. Anajinyoosha akilala, kiti cha gari kinafungika vizuri, na mara nyingi bei inabaki chini ya kiti kimoja cha mbele. Unachokosa ni wewe kulala. Kwa mzazi mmoja asiye na wa kupokezana naye, hilo si anasa. Ila ukienda huko hakikisha hicho kiti cha tatu kimeandikwa kwa jina lako kama kiti cha ziada, la sivyo kitauzwa.

Ukishakata, fanya hivi: siku hiyohiyo piga simu mtoto aunganishwe na namba ya tiketi yako, usiishie kuona jina lake kwenye skrini. Chagua viti. Angalia ramani ya viti tena kila wiki mbili, kwa sababu ndege ikibadilishwa kutoka aina moja kwenda nyingine mfumo huwapanga watu upya na huwatenganisha. Angalia mara ya mwisho saa 72 kabla, ungali na muda wa kudai. Kigari cha mtoto kiwekewe lebo mlangoni pa ndege, na uliza neno moja tu: kinatoka wapi, Amsterdam mlangoni au Toronto kwenye mkanda wa mizigo?

Upanga_Mashariki

Nimeelewa. Kwenda KLM nikimpakata, kurudi Ethiopian viti viwili ubavuni. Kuna hati yoyote ya kukumbuka upande wa mtoto?

Zunguka_Tena

Pasipoti yake na viza yake mwenyewe, cheti cha kuzaliwa, na barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri yenye sahihi, tarehe za safari na simu yake. Maofisa wa Kanada hupenda kuiona kwa mtoto aliye na mzazi mmoja.

Na kwa kuwa unarudi kupitia Addis, angalia saa za kungoja. Tanzania inataka cheti cha homa ya manjano kwa mwenye mwaka mmoja na kuendelea aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye nchi yenye hatari hiyo, hata kama alikuwa anapita tu, na Ethiopia imo. Chanjo hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti huanza kutumika siku ya 10 baada ya sindano. Mchanje kabla ya Juni hapahapa Dar, usingoje kuitafuta Toronto.